Kabla ya Kuchora Kiti, Pima Njia ya Uwanjani

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, mafundi mliofunga karakana zenu ili mfike hapa, wanafunzi wa uhandisi, wa ufundi na wa fiziotherapia, na ninyi ndugu zangu mliokuja kwa viti vya magurudumu, kwa magongo na kwa fimbo nyeupe: nawashukuru kwa kunipa saa hii moja ya asubuhi yenu.

Nimeombwa nizungumzie usanifu wa vifaa vya michezo, burudani na mazoezi kwa watu wenye ulemavu. Nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu yote nitakayoyasema baadaye yametokana nalo.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nimtengenezee mashine ya mazoezi kijana wa miaka 22 aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akavunjika uti wa mgongo, sehemu ya chini ya kifua. Mikono yake ilikuwa na nguvu zote, miguu haikuwa na hisia wala mwendo. Nilichukua pedeli na mnyororo wa baiskeli kuukuu, nikavifunga juu ya meza ya chuma kwa kimo cha kifua chake ili azungushe kwa mikono, nikaweka na ukanda wa ngozi uliosugua gurudumu ili mzigo uweze kuongezwa au kupunguzwa. Ilikuwa mashine imara, ya bei ndogo, na kila kipuri chake kilipatikana sokoni. Nilipomtembelea baada ya miezi mitatu niliikuta pembeni mwa chumba, imeanikwa nguo. Nilimuuliza kama imeharibika. Akanijibu kwa upole: "Hapana, Mwalimu. Mashine ni nzuri, ila inanirudisha wodini. Mimi kabla ya kuanguka nilikuwa nacheza mpira kila jioni. Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyeniuliza habari za jioni zangu."

Nilikuwa nimepima urefu wa mikono yake, upana wa mabega yake na kimo cha meza, na sikuwa nimemuuliza anapenda nini. Nilimsanifia mgonjwa, ilhali aliyekuwa mbele yangu ni mchezaji aliyekosa njia ya kufika uwanjani.

Siku iliyofuata tuliipima njia hiyo, mimi na yeye na mdogo wake. Kutoka mlangoni kwao hadi uwanjani ilikuwa hatua 430. Hatua za mwanzo zilikuwa udongo mgumu usio na tatizo. Kisha palikuwa na mchanga mlegevu karibu na soko, kisha mtaro uliofunikwa kwa mbao mbili tu, kisha mteremko ambao mvua za masika zilikuwa zimeuchimba, na mwisho nyasi ndefu za pembezoni mwa uwanja. Kiti alichopewa alipotoka hospitali kilikwama kwenye mchanga kabla hatujaufikia mtaro. Naomba tukichunguze kiti hicho kwa makini, kwa kuwa wengi wenu mtakutana nacho katika kila wilaya mtakayokwenda kufanya kazi.

Kiti cha namna ile kimeundwa kwa ajili ya anayesukuma, si kwa ajili ya anayekaa. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu makubwa, iko nyuma kabisa, chini ya mgongo, ili kiti kisipinduke muuguzi anapokipeleka katika ukumbi wenye sakafu laini. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mwili huangukia magurudumu madogo ya mbele, ambayo ni membamba na magumu. Kwenye sakafu hilo halina madhara, lakini kwenye mchanga magurudumu hayo huzama kama kisu. Zaidi ya hayo, ekseli ikiwa nyuma, mkono hulazimika kurudi nyuma sana ili kuushika ukingo wa gurudumu, na bega likirudishwa nyuma namna hiyo mara elfu kwa siku huanza kuuma. Kwa mtu anayetembea kwa mikono yake, bega bovu ni ulemavu wa pili.

Tiba yake inajulikana na haihitaji kiwanda. Sogeza ekseli mbele, karibu na mahali uzito wa mwili unapoangukia, na kiti kitakuwa chepesi kusukuma, kitageuka haraka, na magurudumu ya mbele yatapita juu ya mchanga badala ya kuzama. Gharama ya badiliko hilo ni kwamba kiti kitakuwa chepesi pia kupinduka kinyumenyume, hivyo lazima lifanywe hatua kwa hatua, kwa matundu kadhaa ya kufungia ekseli, huku mtumiaji akijifunza kukisawazisha, na vigurudumu vidogo vya kuzuia kupinduka vikiwekwa nyuma mpaka atakaposema mwenyewe kwamba havihitaji tena. Nasisitiza kwamba atasema mwenyewe. Nimeona mafundi wakiviacha vizuizi hivyo miaka mingi kwa kuhofia lawama, na mtu akashindwa kupanda hata kizingiti cha mlango wake kwa sababu hawezi kuinua magurudumu ya mbele.

Swali la mchanga na mteremko limewahi kujibiwa kwa njia nyingine, na jibu hilo lina mizizi hapa kwetu. Mwaka 2005 Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza jinsi watu wanavyotumia viti vya magurudumu. Aliona tunachokiona sisi kila siku: watu wanaolazimika kwenda mbali katika njia mbovu kwa viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya sakafu, au kwa baiskeli za magurudumu matatu za kuendeshwa kwa mikono, ambazo huenda mbali barabarani lakini haziingii ndani ya nyumba. Yeye na wenzake wakabuni kiti chenye nyenzo mbili, yaani vyuma virefu vya kusukumia, moja kila upande, ambazo mtu huzisukuma mbele kwa mikono na mnyororo wa baiskeli ukapeleka nguvu kwenye gurudumu.

Wanafunzi wa uhandisi, tazameni uzuri wa wazo hili. Baiskeli yenye giya hubadilisha mnyororo ili kupata nguvu au mwendo. Kiti hiki hakibadilishi chochote. Anayebadilika ni mtu, kwa kuhamisha mikono yake. Akishika wenzo juu, mbali na egemeo, yaani pale chini wenzo unapozungukia, anapata nguvu nyingi ya kupanda mlima au kutoka matopeni. Akishika chini, karibu na egemeo, msukumo mmoja mfupi wa mkono unazungusha gurudumu sana, naye anakwenda kasi barabarani. Akizivuta nyenzo nyuma, zinafunga breki. Akifika nyumbani anazichomoa, na kiti kinasukumwa kwa mikono kama viti vingine. Sehemu zote zinazozunguka ni vipuri vya baiskeli, kwa hiyo fundi baiskeli wa kijijini anaweza kukitengeneza.

Pamoja na hayo, vielelezo vya kwanza vilivyojaribiwa Afrika Mashariki vilikuwa vizito, na vipana kiasi cha kusumbua ndani ya nyumba. Watumiaji wakasema hivyo bila kuficha, na wasanifu wakarudi kukipunguza uzito na upana. Baadaye kikundi kilichotokana na kazi hiyo kilianza kutengeneza huko Marekani kiti cha aina hiyohiyo, kiitwacho GRIT Freedom Chair, ambacho watu wenye ulemavu hukitumia kupanda vilima, kupita misituni na kutembea ufukweni kwa ajili ya kujiburudisha. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria: kifaa cha matembezi ya starehe milimani mwa Marekani kilizaliwa kutokana na njia zetu za vumbi. Na bado ni nadra sana kuona mtu wa kwetu akipewa kiti ili aende tu kutembea, bila shughuli ya shule, ya kliniki au ya biashara kumtetea.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tumezoea kupanga mahitaji kwa daraja: kwanza matibabu, kisha elimu, kisha kazi, na mchezo ukibakiwa na senti. Lakini historia ya tiba yenyewe haikwenda hivyo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbia utawala wa Wanazi Ujerumani akafanya kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, alipokea askari waliovunjika uti wa mgongo katika zama ambazo wagonjwa wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wa kufa tu. Aliifanya michezo kuwa sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwakusanya washindani 16 katika uwanja wa hospitali wakashindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na ndiyo tunayoyaita leo Michezo ya Paralimpiki. Upinde haukuwa zawadi kwa waliokwisha kupona. Kuvuta upinde ndiko kulikoimarisha mgongo na mabega yao.

Sheria nayo imekwisha kusema. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kushiriki michezo na burudani sawa na wengine, na inawataja watoto na michezo ya shuleni. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, lilitoa kwa mara ya kwanza mapendekezo mahususi ya mazoezi kwa watu wanaoishi na ulemavu: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, na wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto. Dakika hizo hazitapatikana kwa kuzungusha pedeli peke yako chumbani.

Nirudi kwenye vyuma. Wengi mmewahi kuona kiti cha mpira wa kikapu, ambacho magurudumu yake yameinama, yakikaribiana juu na kutanuka chini kama herufi A. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama ni urembo. Kuinama huko kunatanua msingi wa kiti ili kisipinduke kwa upande mchezaji anapokata kona, kunakifanya kigeuke upesi, na viti viwili vinapogongana magurudumu hugusana chini, mbali na vidole. Katika viti vya mchezo huo pembe hufikia nyuzi 16 hadi 20, wakati kiti cha kila siku huwa na nyuzi chache sana au hakina kabisa. Lakini kiti kilichoinama hivyo hakipiti mlango wa kawaida, tairi zake huisha upande mmoja, na beringi, yaani vyuma vya ndani vinavyolainisha mzunguko wa gurudumu, hubeba mzigo wa pembeni ambao hazikukusudiwa kuubeba. Kwa hiyo usimchomelee mtu kiti cha kikapu ukamwambia ndicho atakachoishi nacho. Kama fedha inatosha kiti kimoja tu, tengeneza cha kila siku chenye ekseli inayosogezwa na pembe ndogo, na ukitengeneze kwa ajili ya uwanja wake, si kwa ajili ya uwanja ulioonekana kwenye televisheni.

Msidhani kwamba teknolojia ni kiti tu. Mara nyingine iko kwenye mpira, kwenye sakafu, hata kwenye kanuni. Mchezo wa goliboli ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu mbili za watu watatu watatu huviringishiana mpira wenye uzito wa kilo 1.25 ambao ndani yake mna njuga, katika uwanja wa meta 18 kwa 9. Wote hufunikwa macho ili asiyeona kabisa na mwenye uoni hafifu wawe sawa. Mistari ya uwanja imewekwa kamba chini ya utepe, hivyo mchezaji anajua alipo kwa kupapasa kwa mkono au kwa mguu. Na watazamaji hunyamaza, kwa sababu katika mchezo huu kimya ni sehemu ya uwanja. Hakuna betri, hakuna skrini, hakuna kitu kinachoagizwa kutoka mbali isipokuwa mpira wenyewe. Sisi tuna bao, ambalo mashimo yake na kete zake husomeka kwa vidole. Nimemwona mzee asiyeona akihesabu kete kwa mguso kabla jirani yake hajamaliza kuzihesabu kwa macho.

Lakini mchezo ambao ningetamani kila mmoja wenu aujifunze kabla ya kuhitimu ni bochia. Huchezwa na watu wenye mtindio wa ubongo na wengine ambao viungo vyao havitii amri kwa urahisi, na umekuwa katika Paralimpiki tangu mwaka 1984. Mchezaji hurusha mipira ya ngozi ikaribie mpira mweupe. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji ulioinama, na mpira huuachia kwa mkono, kwa kijiti kilichofungwa kichwani au kwa kilichoshikwa mdomoni. Mfereji huo mnaweza kuutengeneza kwa bomba la plastiki la maji lililopasuliwa katikati. Ugumu, na mafunzo, uko kwenye msaidizi. Msaidizi ndiye anayeusogeza mfereji kushoto au kulia, kuuinua au kuushusha, lakini kanuni inamtaka awe ameupa uwanja mgongo wakati wote mipira inaporushwa. Hauoni mpira mweupe. Hawezi kukisia, hawezi kurekebisha kimyakimya, hawezi kumwonea mwenzake huruma akamsaidia kulenga. Anafanya anachoambiwa, na anayeamua ni mchezaji.

Nimewahi kutazama mama akimsaidia binti yake mchezo huo kwa mara ya kwanza. Binti husema kwa shida, na mama alizoea kumalizia sentensi zake. Siku ile, akiwa ameupa uwanja mgongo, hakuweza kumalizia chochote. Alilazimika kungoja. Binti alichukua karibu dakika nzima kueleza kwa macho na kwa vidole kwamba anataka mfereji ushuke kidogo tu. Mpira ulipofika mahali pake, mama hakujua mpaka aliposikia watu wanapiga makofi. Aliyeandika kanuni ile alisanifu heshima, akaiweka ndani ya mchezo kama fundi anavyoweka beringi ndani ya gurudumu.

Kwa wanafunzi wa fiziotherapia nina machache, lakini ni ya hatari mkiyasahau. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, moyo wake haupandi kama wa wengine hata akifanya kazi kwa nguvu zote; wengi wa waliovunjika shingo huishia mapigo 110 hadi 130 kwa dakika. Mashine au saa inayopima mazoezi kwa mapigo ya moyo itasema hajajitahidi, na hilo ni kosa la mashine. Muulizeni yeye, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, anasikiaje. Hatoki jasho chini ya palipovunjika, kwa hiyo katika joto letu maji ya kunyunyizia na kivuli ni vifaa vya mazoezi sawa na kiti. Ngozi isiyo na hisia haimwambii kwamba imegandamizwa. Mto wa kukalia ukaguliwe kabla ya mchezo, na ngozi baada yake. Tena msisahau kwamba kusukuma kiti hukaza misuli ya mbele ya bega tu. Mpeni cha kuvuta. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa ukanda na kufungwa kwenye nguzo inatosha, na asiyeweza kukunja vidole ashonewe glavu ya turubai yenye mkanda wa kumfungia mpini.

Hata makampuni makubwa yamechelewa kujifunza kuuliza. Saa za mkononi zilihesabu hatua kwa muda mrefu kana kwamba kila mtu ana hatua za kuhesabiwa. Kampuni ya Apple ilipotaka saa yake ihesabu misukumo ya kiti, mwaka 2016, ililazimika kukusanya takwimu upya kutoka kwa watumiaji wa viti zaidi ya 300, kwa sababu mkono unaosukuma haufanani na mkono wa mtu anayetembea, na msukumo wa mlimani haufanani na wa tambarare. Wala haishangazi kwamba baadhi ya wasanifu bora wa fani hii ni watumiaji wenyewe. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitumia maisha yake kubuni viti vya njia mbovu pamoja na mafundi wenye ulemavu wa nchi nyingi, na michoro yake akaiacha wazi kwa yeyote atakayetaka kuitumia. Van Phillips, aliyepoteza mguu mwaka 1976 akiwa mwanafunzi, hakuridhika na mguu bandia aliopewa. Akasomea kazi hiyo, akabuni mguu wa nyuzi za kaboni unaojipinda na kurudisha nguvu, ambao umezaa miguu wanayokimbilia wanariadha leo.

Kwa hiyo, chuo hiki kikipata nafasi ya kupokea wanafunzi wapya wa usanifu, ombi langu ni kwamba baadhi yao wawe watumiaji wa viti, na wakutane na mlango wa mbele usio na ngazi. Leo wenzetu wanne wameingia ukumbini kwa mlango wa jikoni.

Yule kijana wa mwembe tulimtengenezea kiti kipya baada ya kujaribu mara tatu. Cha kwanza kilipita mchangani kikashindwa kwenye mbao za mtaro, kwa sababu nilikitanua mno. Cha pili kilipita mtaroni lakini kilimchubua ngozi. Cha tatu kina ekseli ya kusogezwa, tairi nene za baiskeli ya mlimani, gurudumu moja kubwa mbele na mto alioukata mwenyewe. Sasa ni kocha wa watoto wa mtaa wake, na kila Jumamosi hucheza kikapu na wenzake saba kwa viti vya kuazima. Ile mashine yangu ya pedeli ameitoa pembeni. Huizungusha alfajiri siku za mechi, kwa kuwa sasa ana kitu cha kujiandalia.

Amekuja nasi. Yuko nje chini ya mti, na kiti chake, pamoja na mfereji wa bochia na mipira sita. Beringi ya gurudumu la kushoto imeanza kulia tangu jana, na amesema atamruhusu mwanafunzi mmoja aifungue, mradi amwulize kwanza anakwenda wapi nacho jioni hii. Karibuni.